Polisi wa jangwani California: nani anawalipa, na kwa pesa gani?

Katika jimbo la California, huko Marekani, mtu akinunua moto ya kukimbizia kwenye mchanga ao porini, hawezi kuitembeza kwenye ardhi ya serikali bila kibandiko cha kijani. Kibandiko kinalipiwa, dola hamsini na kitu kwa miaka miwili. Na sehemu ya pesa hiyo inaenda kwa polisi. Si kwa njia ile ambayo madereva wetu wanaijua, mkono kwa mkono pembeni ya barabara. Inaenda kwa sheria iliyopigiwa kura bungeni, na kila dola inaandikwa.

Kila mwaka serikali ya jimbo inatangaza ruzuku, ni kusema msaada wa pesa ambao haurudishwi lakini unatolewa hesabu. Polisi wa kaunti na walinzi wa ardhi ya serikali kuu wanaandika maombi. Maombi yanawekwa wazi, raia wanayasoma na kuyapinga ao kuyaunga mkono, kisha pesa inagawanywa. Kazi ya pesa hiyo ni moja: kuchunga magari na moto zinazotembea nje ya barabara. Tuseme moto za matope, moto za magurudumu manne, vigari vyepesi vya mchanga, na zile jeep ambazo matajiri wanapanda nazo juu ya mawe siku ya Jumapili.

Kwa msomaji wa huku kwetu, ambaye moto kwake ni kazi na ugali wa watoto, inaweza kuonekana kama mchezo wa watu wenye nafasi. Ni mchezo kweli. Lakini mchezo huo unaua watu, unaharibu ardhi isiyopona, na umegombanisha raia kwa zaidi ya miaka 50. Namna California ilivyojibu swali la nani alipe polisi wa kuuchunga inafaa kueleweka, juu swali lenyewe halina mipaka: watu wachache wakileta hatari kwa ajili ya raha yao, ni haki mlipa kodi wa kawaida agharamie ulinzi?

Ardhi ambayo haisahau

Jangwa la Mojave, upande wa kusini-mashariki wa California, linaonekana kama mahali ambapo hakuna kitu cha kuharibu. Jiwe, mchanga, vichaka. Lakini mwaka wa 1942, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, jenerali Patton alifundishia huko askari wake wa vifaru. Alama za minyororo ya vifaru vile bado zinaonekana leo. Udongo wa jangwa umefunikwa na ngozi nyembamba ya vijiwe na vijidudu iliyojengwa kwa karne nyingi. Gurudumu likiipasua, upepo unachukua vumbi, mvua kidogo inachimba mfereji, na hakuna majani ya kurudisha kitu haraka. Mwenye kujua namna mteremko wa Kivu unavyokatwa na mmomonyoko baada ya miti kuondoka ataelewa, isipokuwa huku kwetu mvua inaotesha majani upya na kule haioteshi.

Kisha kuna kobe wa jangwani. Anaishi katika mashimo chini ya ardhi, anatembea polepole, na dereva anayeruka juu ya kichaka kwa kasi hawezi kumuona. Mwaka wa 1990 serikali kuu ya Marekani iliandikisha kobe wa Mojave kati ya wanyama walio hatarini. Mbio maarufu za moto kutoka Barstow hadi Las Vegas, ambazo katika miaka ya 1970 zilikusanya watu elfu kadhaa kwenye mstari mmoja wa kuanzia, ziliisha wakati huo.

Serikali haikukaa kimya hata kabla ya hapo. Bunge la California lilitunga sheria yake ya kwanza kubwa juu ya magari haya mwaka wa 1971. Mwaka uliofuata, 1972, rais Richard Nixon alitia sahihi agizo lililolazimisha idara zote za ardhi ya umma kuonyesha wapi magari haya yanaruhusiwa na wapi hapana, ili kupunguza madhara kwa udongo, wanyama na watumiaji wengine. Rais Jimmy Carter aliongeza nguvu agizo hilo mwaka wa 1977.

Kuchora mstari kwenye ramani ni rahisi. Shida ni nani atasimama kwenye mstari.

Walinzi wachache, ardhi kama nchi

Sehemu kubwa ya jangwa hilo si ya jimbo, ni ya serikali kuu, na inasimamiwa na idara inayojulikana kwa herufi BLM. Katika Marekani nzima BLM inashika karibu hekta milioni 100. Chukua Kongo yetu yote, kutoka Moanda mpaka Beni, ukate sehemu mbili kati ya tano: ni karibu ukubwa huo. Walinzi wake wenye nguo za kazi na bunduki ni kama 200 hivi. Mmoja anaweza kuwa na eneo ambalo hawezi kulizunguka kwa wiki nzima.

Polisi wa kaunti nao hawana hali nzuri zaidi. Hapa inabidi kueleza kitu. Marekani haina polisi mmoja wa taifa kama PNC ya kwetu, anayepokea amri kutoka Kinshasa. Kila kaunti, ambayo tunaweza kuilinganisha na wilaya, ina mkuu wa polisi anayeitwa sherifu. Sherifu huyo anachaguliwa kwa kura, na budjeti yake inatoka kwa kaunti yenyewe. Kaunti ya San Bernardino peke yake ina kilometa za mraba 52,000, karibu Nord-Kivu nzima, na sehemu kubwa ni jangwa. Raia wanaomchagua sherifu wanakaa mijini. Wanataka polisi wa mitaa yao. Nani atawaambia walipe askari wa kukimbiza moto mahali ambapo hakuna mtu, tena moto za wageni waliotoka Los Angeles kwa wikendi?

Njo pengo ambalo ruzuku ilitengenezwa kuliziba.

Pesa inatoka wapi

Ili kuelewa mfuko huu, fikiria FONER ya huku kwetu. Unaponunua lita ya esansi, sehemu ya bei inaenda kwa mfuko wa kutunza barabara. California pia ina kodi ya barabara ndani ya bei ya esansi. Sasa moto inayokimbia kwenye mchanga inachoma esansi ileile na mwenyewe amelipa kodi ileile, lakini hakukanyaga barabara. Bunge liliona kwamba pesa hiyo isiende kwa lami, iende kwa mfuko wa pekee wa magari ya nje ya barabara. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mfuko. Kisha zinaongezwa pesa za vibandiko, na za kiingilio katika hifadhi za jimbo zilizotengwa kwa mchezo huu, kama Hungry Valley, Ocotillo Wells na Oceano Dunes.

Wapanda moto wanapenda kusema: sisi tunajilipia polisi wetu wenyewe, hatuombi kitu kwa mtu. Ni kweli kwa sehemu. Hesabu ya ni lita ngapi hasa zinachomwa nje ya barabara imekuwa ugomvi wa zamani, juu wengi wanaoingia porini wanaingia na magari ya kawaida yenye plaki, yale yanayotembea pia mjini. Nani ameyahesabu? Wanaopinga mchezo huu wanasema mfuko umependelewa, wanaoupenda wanasema umeibiwa. Wote wanazungumza juu ya pesa moja.

Sheria ya sasa inagawanya ruzuku kwa asilimia zilizoandikwa wazi. Nusu, yaani asilimia 50, ni ya kuendesha na kutunza njia na viwanja. Asilimia 25 ni ya kurudisha hali ya ardhi iliyoharibika. Asilimia 20 ni ya polisi na walinzi. Asilimia 5 zinabaki kwa mafundisho na usalama. Kwa hiyo mwaka ambao mfuko wa ruzuku una dola milioni 30, polisi wanagawana milioni 6. Ni pesa nyingi ukizihesabu kwa franga, lakini zikigawanywa kwa kaunti nyingi, misitu ya serikali kuu na ofisi za BLM, kila mmoja anabaki na kitu cha kulipa saa za ziada za askari wachache.

Asilimia hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Kabla ya hapo tume moja ya watu walioteuliwa ndiyo iliyokuwa ikiamua nani apate nini, na ndani yake marafiki wa moto na marafiki wa mazingira walivutana kila mkutano. Mwaka wa 2005 mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa ripoti kali: wasimamizi wa programu hii hawana maono ya pamoja, na baadhi ya matumizi ya pesa yanatia mashaka. Miaka miwili baadaye, 2007, bunge lilipitisha sheria mpya. Uwezo wa kutoa ruzuku ulitolewa kwenye tume ukapewa idara yenyewe, mgawanyo ukafungwa ndani ya sheria, na bei ya kibandiko ikapandishwa maradufu, kutoka dola 25 hadi 50. Wapanda moto walikubali kulipa zaidi, juu bila sheria hiyo programu nzima ilikuwa inafikia mwisho wake. Mwaka wa 2017 sheria nyingine iliifanya programu kuwa ya kudumu, na kuiongezea masharti ya mazingira.

Sherifu anaombaje

Mwanzoni mwa mwaka dirisha linafunguliwa. Sherifu, ao mkuu wa BLM wa eneo, ao msimamizi wa msitu wa serikali kuu, anajaza ombi la awali kwenye intaneti. Anaeleza eneo lake ni lipi, watu wangapi wanakuja, matatizo gani yapo: kelele karibu na nyumba za watu, moto zinazoingia kwenye ardhi ya mtu binafsi, makaburi na michoro ya zamani ya wenyeji asilia inayokanyagwa, ajali, ulevi. Anaandika anahitaji nini. Saa ngapi za askari, moto ngapi, trela, kaske, mafuta, vipima kelele, mafunzo.

Kisha inakuja sehemu ambayo pengine ni nzuri kuliko zote. Ombi la awali linawekwa hadharani, na raia yeyote anaweza kuandika maoni. Mwenye nyumba pembeni ya jangwa anaweza kuandika: mwaka jana mlimpa sherifu pesa, nimepiga simu mara nyingi, hakuna aliyekuja. Kikundi cha wapanda moto kinaweza kuandika: askari hao wanasimamisha familia zenye vibandiko sawasawa, na wahalifu wasio na kibandiko wanatoroka. Mwombaji anayasoma, anarekebisha, anatuma ombi la mwisho. Ndipo idara inapima na kutangaza.

Sheria inasema ruzuku ya polisi ilingane na mahitaji ya ulinzi katika eneo la kila mmoja. Na inaongeza masharti mawili ambayo wenye kuendesha miradi huku kwetu watayatambua.

La kwanza ni mchango wa mwenyewe. Mwombaji lazima abebe angalau asilimia 25 ya gharama yote ya mradi. Mradi ukigharimu dola 100,000, ruzuku haizidi 75,000. Zile 25,000 si lazima ziwe pesa taslimu. Zinaweza kuwa mshahara wa askari ambaye tayari yuko, matumizi ya gari la kaunti, ao saa za watu wa kujitolea. Kwa sherifu wa kaunti tajiri ni kitu kidogo. Kwa kaunti ya mlimani yenye wakaaji elfu chache na wageni wengi kuliko wenyeji, mchango huo unaweza kuwa ndio sababu ya kutoomba kabisa. Hapo mfumo una kasoro, na haijafichika.

La pili ni hesabu. Kwa kawaida mwombaji anatumia kwanza, kisha anadai kurudishiwa na karatasi mkononi. Kaunti pia inapata sehemu nyingine ya pesa za vibandiko moja kwa moja, bila kuomba, na inapokuja kuomba ruzuku inatakiwa kueleza ile ya kwanza ilifanya kazi gani. Wakaguzi wanaweza kufika miaka kadhaa baadaye kufungua vitabu. Gari lililonunuliwa kwa kazi ya jangwani likikutwa linampeleka mkubwa ofisini, kuna maswali.

Siku ya kazi inavyokuwa

Askari akifika kwenye kiwanja cha moto, kazi yake ya kwanza ni vitu vidogo. Anatazama kibandiko. Anatazama kama bomba la moshi lina kifaa cha kuzuia cheche, juu cheche moja kwenye majani makavu ya Agosti inaweza kuunguza mlima. Anapima kelele: moto iliyotengenezwa kuanzia 1986 isizidi desibeli 96, ya zamani zaidi isizidi 101. Anatazama watoto. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuendesha moto ya magurudumu manne bila mtu mzima anayemsimamia kwa karibu, na kwenye moto hizo kaske ni lazima kwa kila mtu. Kwenye vilima vya mchanga anatazama kama kila chombo kina fimbo ndefu yenye bendera, ili anayepanda kilima upande wa pili amuone mwenzake kabla hawajagongana juu kileleni.

Mara nyingi anamalizia kwa onyo na maneno. Baadhi ya wapanda moto wanamjua kwa jina.

Kazi ngumu inakuja wikendi za sikukuu. Karibu na mpaka wa Mexico, katika kaunti ya Imperial, kuna ukanda wa vilima vya mchanga wenye urefu wa zaidi ya kilometa 60, unaojulikana na wengi kwa jina la Glamis. Kiangazi hakuna mtu, joto linaua. Lakini kuanzia Oktoba watu wanaanza kuingia, na katika wikendi ya sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba, wanaweza kupita laki moja. Mji mzima unazaliwa kwenye mchanga kwa siku nne, bila mitaa, bila taa, na pombe nyingi. Mwaka wa 2000 sehemu ya vilima hivyo, karibu hekta 20,000, ilifungwa ili kulinda mmea mmoja ambao haupatikani kwingine Marekani. Hasira zilipanda. Mwaka uliofuata, wikendi ileile ya Shukrani, mambo yaliharibika: watu walikufa, risasi zilipigwa, mlinzi wa BLM aligongwa na gari. Tangu hapo wikendi kubwa za Glamis zinaletewa askari kutoka idara nyingi na hata majimbo mengine, na hapo ruzuku ya saa za ziada inaonekana maana yake. Bila pesa ya kumlipa, askari wa mbali haji.

Kuna pia siku ambayo ulinzi ulikosekana na kila mtu anaikumbuka. Agosti 2010, katika bonde la Johnson, kaunti ya San Bernardino, kulikuwa na mbio za malori ya jangwani wakati wa usiku. Zilikuwa na kibali cha BLM. Watazamaji walisimama mita chache tu kutoka kwenye njia, bila kizuizi chochote. Lori moja liliruka kilima, likapoteza mwelekeo, likawaangukia. Watu wanane walikufa. Uchunguzi wa BLM yenyewe ulikubali baadaye kwamba taratibu zake za kibali hazikufuatwa inavyopasa. Ruzuku ya polisi isingezuia kosa la ofisini. Lakini ajali hiyo ilifunga mdomo wa waliokuwa wakisema jangwa halihitaji macho ya serikali.

Mwaka mmoja kabla ya ajali ile, 2009, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikuwa imeshatoa ripoti juu ya magari haya kwenye ardhi za serikali kuu. Matumizi yanaongezeka, ilisema, na moja ya shida kubwa ambazo maofisa wa mashambani walitaja ni uhaba wa walinzi.

Malalamiko ya pande zote

Wenyeji wa pembeni ya jangwa wanasema polisi wanakwenda mahali panapokusanya watu, juu hapo ndipo namba zinapatikana. Ripoti ya ruzuku inataka kujua askari alisimamisha watu wangapi, aliandika faini ngapi, alitoa maonyo mangapi. Kwenye kiwanja chenye watu elfu tano, namba zinajaa kabla ya saa sita mchana. Lakini mzee anayeishi peke yake kwenye hekta mbili, ambaye kila Jumamosi vijana watatu wanapita kwenye uwanja wake na kukata seng'enge, anahitaji askari asubiri saa sita ili kukamata watu watatu. Kwenye karatasi, siku hiyo itaonekana kama uvivu. Kaunti ya San Bernardino ilitunga mwaka wa 2006 kanuni yake: anayepita kwenye ardhi ya mtu lazima awe na ruhusa ya maandishi ya mwenyewe. Kanuni ni nzuri. Mtu wa kuisimamia saa ile ndiye anayekosekana.

Na hata akiwepo, kukimbiza si rahisi. Moto nyepesi inapita mahali ambapo gari la polisi linakwama. Kijana asiye na kaske akikimbizwa akaanguka, askari ndiye atakayejibu. Maofisa wengi wanaona bora kungoja kwenye maegesho, mahali trela zinapoachwa, juu lazima mtu arudi kuchukua gari lake.

Wapanda moto wana lao. Wanasema askari aliyelipwa kwa pesa yao anaitwa katikati ya kazi kwenda kwenye wizi ao ugomvi wa nyumbani, na saa zile zinaandikwa vilevile. Wanasema pia, na hapa wana haki zaidi, kwamba serikali imeuzoea mfuko wao kama mtungi wa jirani. Wakati wa mtikisiko wa uchumi, kuanzia 2008, jimbo lilikopa makumi ya mamilioni ya dola kutoka mfuko huu ili kuziba budjeti yake. Mwaka wa 2011 liliamua pia kuhamisha dola milioni 10 za kodi ya esansi kila mwaka kwenda kwenye matumizi mengine. Mtu aliyelipa kibandiko akiamini anajilipia ulinzi na njia, akakuta pesa imeenda kuziba tundu lingine, anauliza swali ambalo raia wa nchi yoyote angeuliza.

Watu wa mazingira nao wanaona kwamba polisi kupewa asilimia 20 na ukarabati wa ardhi 25, huku 50 zikienda kuendesha viwanja vilevile, ni kulipa kwa mkono mmoja kuchafua na kwa mwingine kusafisha. Wengine kati yao wanakubali hata hivyo kwamba ruzuku ya polisi ni sehemu ya mfuko ambayo pande zote mbili zinaweza kuitetea kwenye mkutano mmoja bila kutukanana.

Majimbo mengine

California haiko peke yake. Arizona, jirani yake, ilianza mwaka wa 2009 kudai kibandiko cha dola 25 kwa mwaka. Kwa mfuko wao, asilimia 35 zinaenda kwa idara ya wanyama na uvuvi, ambayo askari wake ndio wanaochunga magari haya. Hapo hakuna mashindano ya maombi kwa sehemu hiyo. Sheria imeshataja nani anapata. Ni rahisi zaidi, lakini sherifu wa kaunti ambaye hayumo kwenye mstari inabidi apange foleni kwingine.

Kaskazini, kwenye misitu na baridi, Minnesota, Wisconsin na Michigan zinatoa ruzuku kwa masherifu kwa ajili ya doria za moto za magurudumu manne, kwa pesa za kuandikisha vyombo. Wisconsin inafanya kwa kurudisha gharama: kaunti inafanya doria, inatuma madai, na kama mfuko hautoshi kwa wote, kila mmoja anakatwa kwa kadiri. Sherifu anaingia kazini bila kujua atarudishiwa kiasi gani. Ukilinganisha na ile asilimia 25 ya California, ambayo angalau inajulikana tangu siku ya kwanza, ni bahati nasibu kidogo.

Sasa kuna jambo jipya ambalo hakuna jimbo lililolitarajia lilipotunga sheria zake. Moto za umeme zimeingia porini. Hazina kelele, kwa hiyo kipima desibeli hakina kazi. Hazitoi cheche kwenye bomba, juu hazina bomba. Zinafika kwenye njia za watembea kwa miguu kabla mtu hajazisikia, na nyingi zinapandwa na vijana wa umri wa shule. Na hazichomi hata tone la esansi. Mfuko ambao nguzo yake kubwa ni kodi ya esansi unaombwa kulipa askari wa kuchunga vyombo visivyonunua esansi, na kwa sasa kutoka kwa wenye vyombo hivyo unaweza kutegemea ada ya kibandiko tu, kwa wale wanaokubali kukibandika.